Lugha ya Kujibu

Mtoto wa Karagwe anapoingia kidato cha kwanza huwa amekwisha kupata lugha mbili. Ya kwanza aliinyonya pamoja na maziwa ya mama; mara nyingi ni Kinyambo, pengine ni Kihaya au lugha nyingine ya jirani. Ya pili ni Kiswahili, aliyoipata sokoni, redioni na shuleni, na kwa miaka yote ya shule ya msingi aliitumia kuhesabu, kusoma na kuifahamu nchi yake. Kiingereza alikigusa kama somo moja kati ya mengi. Siku ya kuingia sekondari huambiwa ya kuwa lugha ya masomo sasa ni hiyo ya tatu, na ya kuwa zile mbili azitue mlangoni, kama mtu atuavyo fimbo na mzigo kabla ya kuingia katika nyumba ya wenyewe. Basi huingia mikono mitupu. Malalamiko mengi yasikikayo juu ya mafundisho ya Kiingereza na fasihi yake katika wilaya za Karagwe na Kyerwa yana mzizi wake katika mlango huo.

Wilaya hizi mbili zilikuwa moja mpaka mwaka wa 2012, Kyerwa ilipotengwa na Karagwe. Mto Kagera huzitenga na Rwanda upande wa magharibi, kisha hupinda na kuzitenga na Uganda upande wa kaskazini. Katikati ni vilima, migomba, mibuni na mashamba ya maharage. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka wa 2004, shule za kata zimeenea hata mahali ambapo zamani mtoto wa mkulima hakuota kufika kidato cha kwanza. Na tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo Kiingereza si mali tena ya wateule wachache. Ni somo la kila mtoto, pamoja na yule anayepalilia kahawa asubuhi kabla ya kengele na kukata majani ya ng'ombe jioni baada ya kengele.

Walakini nje ya darasa lugha hiyo haisikiki. Katika soko la Omurushaka bei hutajwa kwa Kinyambo au kwa Kiswahili. Huko Murongo, ambako ng'ambo ya mto ni Uganda, watu wa pande mbili huelewana kwa lugha zao, kwa maana lugha hizo ni za ukoo mmoja. Msikitini, kanisani, zahanatini na katika basi, hakuna haja inayomlazimisha mtu kusema Kiingereza. Basi lugha hii yafundishwa kwa ajili gani? Wengine hujibu ya kuwa ni kwa ajili ya mtihani. Wengine, kwa ajili ya kazi. Wengine, ingawa hawasemi kwa sauti, kwa ajili ya heshima. Majibu hayo yote yana ukweli ndani yake, lakini hapana hata moja linalotosha kumwamsha mtoto aliyechoka katika kipindi cha mwisho cha siku. Lipo jibu jingine, nalo liko katika historia ya Karagwe yenyewe.

Mwezi wa Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na mwenzake James Grant, alifika Bweranyange kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1863, Speke aliandika ya kuwa mfalme alimwamkia kwa Kiswahili kizuri. Jambo hili lastahili kufikiriwa. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika Karagwe kabla ya Speke, na mfalme alikuwa ameipokea lugha yao bila kuiacha yake. Mgeni ndiye aliyekuwa na upungufu. Alisema na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani, na Bombay akayageuza maneno hayo kuwa Kiswahili. Hivyo fikira ya Kiingereza ilivuka lugha mbili kabla ya kulifikia sikio la mfalme, na jibu la mfalme likarudi kwa njia ileile. Ilikuwa safari ndefu, lakini watu wawili wenye akili walizungumza, wakaulizana maswali, wakajibizana. Mazungumzo hayo hayakuhitaji mtu yeyote kutua lugha yake mlangoni.

Baada ya mazungumzo kitabu kilifuata, na katika kitabu mazungumzo hayakuwa tena ya watu wawili. Speke alimsifu Rumanyika kwa ukarimu na uungwana wake. Katika kurasa hizohizo akasimulia jinsi alivyompima kwa utepe mwanamke mmoja wa jamaa ya mfalme, aliyenenepeshwa kwa maziwa kwa desturi ya nyumba ile, akaviandika vipimo vya mwili wake ili visomwe na watu asiowajua. Aidha, kwa kuwa aliona mambo mema katika utawala wa Karagwe, alidai ya kuwa watawala wake wametokana na Wahabeshi, kana kwamba wema haukuweza kuota katika udongo ule wenyewe. Wanahistoria wameikataa dhana hiyo zamani, lakini kabla ya kukataliwa ilitembea mbali na kudhuru wengi katika nchi za Maziwa Makuu. Speke alijitolea pia kumchukua mtoto mmoja au wawili wa mfalme akawasomeshe Uingereza. Jambo hilo halikutimia. Laiti lingalitimia, pengine mmoja wao angalikisoma kitabu kile wakati wino wake ungali mpya, akaandika kwa lugha ileile: bwana, hapa umesema kweli, na hapa umekosea.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali. Kwa miaka zaidi ya mia na sitini Karagwe imesemwa kwa Kiingereza: katika vitabu vya wasafiri, katika taarifa za watawala, katika makala za wataalamu wa udongo, wa magonjwa, wa kahawa na wa wanyama wa porini. Mengi ya maneno hayo ni ya haki na ya manufaa. Mengine si ya haki. Mwenyeji asiyeisoma lugha hiyo hawezi kushukuru kwa yale ya kwanza wala kukanusha yale ya pili. Mwanafunzi wa Karagwe afundishwe Kiingereza ili aweze kujibu. Lengo hilo likikubaliwa, namna ya kufundisha yabadilika, kwa maana kuna tofauti kubwa kati ya kujibu na kuitikia.

Kuitikia ndiko kunakosikika zaidi madarasani. Mwalimu husoma sentensi, darasa zima hurudia. Mwalimu huuliza kama wameelewa, darasa zima husema ndiyo. Akimgeukia mtoto mmoja na kumwuliza kwa jina lake, sauti hukatika. Mtoto husimama, hutazama dawati, hutabasamu kwa haya, kisha hukaa. Mgeni akiona hayo atasema ya kuwa mtoto ni mvivu au mjinga. Mtoto yuleyule, kengele ikilia, husimulia ugomvi wa jana kwa ufasaha unaowavunja wenzake mbavu, akiigiza sauti za watu watano. Akili ipo na maneno yapo. Kilichokosekana ni daraja.

Upungufu huu haukuanzia Karagwe, wala si siri. Mwaka wa 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, na Kiingereza kikabaki katika sekondari. Mwaka wa 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri ya kuwa Kiswahili kipande hatua kwa hatua mpaka sekondari na kuendelea. Mwaka uliofuata serikali ikaonyesha ya kuwa haitafuata shauri hilo. Mwaka wa 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, wakakadiria ya kuwa pengine mmoja tu katika kila kumi wa kidato cha nne alikuwa amefikia kiwango ambacho kwacho mtu aweza kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Kidato cha nne ni mwisho wa safari, nao walisema habari za kuanza. Pamoja na hayo walishauri ya kuwa Kiingereza kiendelee. Kimeendelea mpaka leo, na mjadala umeendelea pamoja nacho.

Mjadala huo ni mkubwa, na wenye kuuamua hawakai katika chumba cha walimu cha Nkwenda wala cha Kayanga. Mwalimu wa Kiingereza hawezi kungoja uamuzi wao. Kesho asubuhi ana vipindi vyake, kila kimoja cha dakika 40, na watoto wengi kuliko vitabu. Tena amebeba mzigo usiokuwa wake peke yake. Mtoto akishindwa kueleza kwa Kiingereza jinsi mbegu inavyoota, mwalimu wa biolojia humtazama mwalimu wa Kiingereza. Akishindwa kueleza sababu za vita vya Majimaji, mwalimu wa historia naye hutazama palepale. Huyu mmoja hutakiwa ajenge msingi wa nyumba wakati wengine wamekwisha kuezeka paa.

Katika dhiki hiyo si ajabu ya kuwa dawa iliyo karibu na mkono ni katazo. Shule nyingi za Afrika ya Mashariki, tangu zamani za ukoloni, zimejaribu kukuza Kiingereza kwa kuzifukuza lugha nyingine uwanjani: kwa kibao cha kuvaa shingoni, kwa faini, kwa kufagia, kwa fimbo. Haki itendeke kwa wenye kufikiri hivyo. Wana hoja, nayo ni ya kweli: lugha haipatikani bila kutumiwa, na kwa kuwa katika Karagwe Kiingereza hakisikiki njiani wala sokoni, shule ndiyo mahali pekee pa kukitumia. Hoja hiyo yadai ya kuwa Kiingereza kipewe nafasi. Haidai ya kuwa Kinyambo na Kiswahili vipewe adhabu. Mtoto aliyekatazwa lugha mbili anazozijua, na asiyeijua ya tatu, hana njia iliyobaki ila kunyamaza. Hivyo katazo lililotungwa ili kuleta usemi huleta ukimya, na ukimya huo hudhaniwa kuwa nidhamu.

Yafaa kutazama ni wasaidizi gani wanaofukuzwa. Kinyambo kimechunguzwa vizuri na wasomi. Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekiandikia sarufi na kamusi. Na Henry Muzale, katika tasnifu yake ya mwaka wa 1998, alichunguza nyakati za vitenzi katika kundi zima la lugha za Rutara, ambamo Kinyambo kimo pamoja na Kihaya, Kinyankore, Kinyoro, Kitooro, Kizinza na Kikerewe. Katika kazi za namna hiyo mwalimu wa Kiingereza aweza kupata zana ambazo hakuzipata chuoni.

Chukua urefu wa irabu. Katika Kinyambo irabu fupi na irabu ndefu zaweza kupambanua maneno mawili, na mtoto hujifunza kuzisikia kabla ya kujifunza kutembea. Kiswahili hakitumii sana tofauti hiyo. Kiingereza nacho kina maneno mengi yanayokaribiana kwa namna hii, kama jina la meli na jina la kondoo, ambayo hutengwa kwa irabu peke yake. Tofauti ya irabu za Kiingereza si ya urefu tu, ni ya umbo la sauti pia. Hata hivyo sikio lililozoea kupima urefu limekwisha kupata nusu ya kazi. Mtoto wa Kyerwa akiambiwa ya kuwa sikio alilopewa na mama yake ni msaada katika Kiingereza, atasikiliza kwa namna nyingine.

Chukua pia l na r. Katika Kinyambo na jirani zake sauti hizi mbili hazitengi maana. Ndiyo sababu katika mkoa wa Kagera majina yaanzayo kwa Rwa yaweza kuandikwa na wengine kwa Lwa, na hapana anayepotea njia. Katika Kiingereza sauti hizohizo ndizo zinazotenga mchele na chawa. Mtoto akikosea, darasa hucheka, naye huapa moyoni kutosema tena. Mwalimu anayejua sababu hatacheka wala hatakaripia. Ataeleza ya kuwa hili si kosa la ulimi mzito, ni desturi ya lugha moja iliyoingia katika nyumba ya nyingine. Kisha atawapa zoezi, na darasa litamcheka chawa badala ya kumcheka mwenzao.

Katika nyakati za vitenzi lugha zote mbili za mtoto hufaa. Lugha za Rutara hupambanua jambo lililopita leo, lililopita jana, na lililopita zamani. Kiingereza hakifanyi hivyo: kitendo cha jana na kitendo cha Rumanyika huweza kuvaa vazi moja. Lakini Kiingereza hutenga jambo lililokwisha na kuachwa nyuma, na jambo lililokwisha ambalo athari yake ingali ipo. Hapa Kiswahili ndicho kilicho karibu, kwa kuwa tofauti ya "alikuja" na "amekuja" yafanana na hiyo, ingawa si sawasawa kila mahali. Dakika 10 za kulinganisha lugha tatu ubaoni zaweza kufanya kazi ambayo wiki mbili za kukariri majedwali hazikuifanya. Hapana kinachofukuzwa, na kila lugha hutoa ushahidi wake.

Walimu wengi wa Kiingereza katika wilaya hizi hutoka mbali, kwa kuwa mwalimu wa serikali hupangwa popote. Mzaliwa wa Iringa au wa Mara atasema ya kuwa yeye hajui Kinyambo, basi atalinganishaje? Jibu ni ya kuwa awaulize wanafunzi. Aulize: kwenu jambo hili husemwaje? Swali hilo dogo hutenda mambo mawili. Kwanza humpa mwalimu ujuzi asiokuwa nao. Pili, na hili ni kubwa zaidi, humfanya mtoto awe mwenye kujua kitu mbele ya mwalimu wake. Aliyewahi kumfundisha mwalimu neno moja hawezi tena kuwa bubu kabisa katika darasa lile.

Sarufi hufungua kinywa, lakini kinywa kilichofunguliwa chahitaji la kusema. Hapo fasihi huingia. Katika mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne mna maswali juu ya riwaya, tamthilia na mashairi, na somo la fasihi ya Kiingereza lenyewe husomwa na wachache wanaolichagua. Vitabu vikiwa haba na muda ukiwa mfupi, umezuka mtindo wa vijitabu vya muhtasari: dhamira tano, wahusika sita, sifa nne za kila mhusika, zote zikiwa tayari kukaririwa. Mtoto huweza kuandika kurasa tatu juu ya riwaya ambayo hajapata kuishika mkononi. Mtihani huweza kumpa alama. Lakini ameitikia tena, hakujibu. Amerudia hukumu ya mtu mwingine juu ya watu asiopata kukutana nao.

Miongoni mwa vitabu vilivyosomwa kwa miaka mingi katika shule za Tanzania imo riwaya ya Bernard Mapalala iitwayo Passed Like a Shadow. Habari zake ni za jamaa iliyobomolewa na ukimwi, na mahali pake ni Fort Portal, magharibi ya Uganda, katika nchi ya Watooro. Wahusika wake huitwa kwa majina ya mapenzi na heshima ya Watooro, kama Adyeeri na Abooki. Kwa mwanafunzi wa Lindi majina hayo ni ya kigeni kama ya Kiingereza. Kwa mwanafunzi wa Kyerwa ni majina ya watu ambao lugha yao ni ndugu ya lugha yake. Na habari yenyewe ni ya nyumbani zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania waliripotiwa mwaka wa 1983 katika mkoa wa Kagera. Wakati ule, kabla ya ugonjwa kupata jina la hospitali, watu wa mkoa waliuita Juliana, kwa jina la nguo za fahari zilizoletwa kwa magendo kutoka Uganda. Watunzi wa Kihaya walitunga juu yake mashairi na nyimbo, na Aldin Mutembei alizichunguza tungo hizo katika tasnifu yake iliyotoka Leiden mwaka wa 2001, akaonyesha jinsi mafumbo ya washairi yalivyobadilika kwa kadiri watu walivyozidi kuujua ugonjwa.

Mwalimu aliye na mambo haya mkononi hahitaji orodha ya dhamira. Aweza kuuliza: kwa nini watu huupa ugonjwa jina la nguo? Je, mwandishi amewatendea haki wahusika wake, au amewaadhibu? Mtu akiugua, ni lazima awe amekosa? Haya ni maswali ambayo mtoto wa Kagera ana jibu lake, pengine kwa sababu bibi yake alilea wajukuu ambao wazazi wao hawakurudi. Kwa sababu hiyohiyo maswali haya yadai upole. Katika darasa la watoto wengi hapakosekani mmoja ambaye kitabu hiki kimeingia nyumbani mwao kabla hajakisoma, na fasihi si kisingizio cha kumfanya mtoto atoe siri ya jamaa yake mbele ya watu. Mwalimu mwema huuliza habari za wahusika, si habari za wanafunzi. Huacha kila mtu avuke daraja mwenyewe, na asiyetaka kuvuka asisukumwe. Lakini hata anayenyamaza hapa hanyamazi kwa kukosa neno. Ananyamaza kwa hiari, na hiari ni jambo la heshima.

Fasihi haimo katika vitabu vya huzuni tu. Ipo katika kila jambo ambalo mtoto analijua na msomaji wa mbali halijui. Mwishoni mwa mwaka senene huanguka katika Kagera, na usiku huwa kama sikukuu. Kamusi itampa mtoto neno la Kiingereza la panzi, naye akiliandika atakuwa amesema uongo, maana msomaji wa London atadhani habari ni za mdudu wa majani asiyefaa kitu. Basi na aambiwe: mweleze mtu huyo, kwa Kiingereza, senene ni nini, hukamatwaje, mabawa hutolewaje, harufu yake ikaangwapo ni ya namna gani, na kwa nini mama hampi kila mtu. Au aambiwe aeleze migomba ya nyumbani, upi ni wa kupika, upi wa kuiva, upi wa kuchoma, upi wa pombe ya lubisi, kwa lugha ambayo yataka kuyafunika yote hayo kwa jina moja. Hapo mtoto atagundua ya kuwa lugha kubwa nayo ina umaskini wake, na ya kuwa yeye ana kitu cha kuiongezea. Atatafuta sifa, atalinganisha, atafuta, ataandika tena. Kazi hiyo ya kufuta na kuandika tena ndiyo fasihi. Na kosa la sarufi katika insha ya namna hiyo husahihishwa kwa furaha, kwa sababu mwenyewe anataka aeleweke.

Itasemwa ya kuwa mambo haya yanakula muda, na mtihani hausubiri. Ni kweli yanakula muda. Lakini muda unaotumiwa kukariri bila kufahamu nao huliwa, tena hauachi akiba. Aliyeandika mara 20 kwa fikira yake mwenyewe huingia katika chumba cha mtihani na lugha. Aliyekariri insha 20 huingia na insha 20, na swali la ishirini na moja humkuta mtupu. Itasemwa tena ya kuwa kuziruhusu lugha nyingine ni kukipunguzia Kiingereza heshima. Julius Nyerere, aliyesema mwaka wa 1984 ya kuwa Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, ndiye aliyekuwa ameigeuza tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar kuwa Kiswahili, ikatoka mwaka wa 1963 naye akiwa rais wa nchi. Alikiheshimu Kiingereza kwa kukifanyia kazi katika lugha yake. Hapana heshima iliyo kubwa kuliko hiyo kwa lugha yoyote.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiingereza kimekaa Karagwe zaidi ya siku mbili. Kimekalishwa kitini, kimeogopwa, kimepigiwa magoti, na watoto wamenyamazishwa ili kisikereke. Mgeni wa namna hiyo hawi ndugu kamwe. Apewe jembe, aende shambani pamoja na Kinyambo na Kiswahili, alime migomba ileile, ajifunze majina yake, naye afundishe anayoyajua. Mwalimu wa Kiingereza ndiye mwenye kumkabidhi jembe hilo, naye hahitaji waraka wala fedha ili aanze. Yamtosha swali moja kwa mtoto mmoja, na subira ya kungoja jibu. Kitabu cha Speke kingali kinasomwa duniani, na ukingo wa kila ukurasa wake una nafasi nyeupe ya kuandika. Katika madarasa ya Karagwe na Kyerwa wamo wenye haki ya kuandika hapo.